Nyoka wanne ndani ya miezi mitatu: kisa cha nyumba ya mama mdogo, Mkuranga

Simu iliingia saa mbili usiku. Mama mdogo hakungoja hata shikamoo yangu. "Mdogo wako katemewa macho na nyoka. Tunamwosha hapa." Nyuma ya sauti yake nilisikia maji yakimwagwa kutoka kwenye ndoo, na kijana wa miaka 14 akilia kama mtoto mdogo.

Hiyo ilikuwa Januari 2024. Nyoka yule alikuwa wa nne kuonekana katika ua ule tangu vuli ya 2023 ianze, ile vuli iliyonyesha hadi barabara zikakatika. Majirani watatu wanaopakana naye hawakuona hata mmoja. Mama mdogo alikuwa na swali moja tu, "kwa nini kwangu?", na kila aliyemjibu alimwachia hofu au alimtoa pesa. Mimi ni fundi ujenzi, si mtaalamu wa nyoka. Lakini kujua kitu kinaingia wapi na kinafuata nini ni kazi yangu ya kila siku, iwe ni maji ya mvua au mchwa. Basi nikaomba ruhusa kwa tajiri wangu, nikapanda gari la Mkuranga.

Nianze na macho ya yule kijana, maana hapo mama mdogo alifanya jambo la maana kuliko yote tuliyofanya baadaye. Kijana alikwenda kufunga banda la kuku giza likiingia, tochi ya simu mkononi. Akasikia kuku wanahangaika, akainama kuchungulia. Nyoka alikuwa hatua mbili mbele yake, kainuka, shingo kaitandaza. Huyo ni swila, ambaye wenzetu wa Kenya wengi humwita fira. Hutema sumu zaidi ya mita mbili, na hulenga uso. Kijana hakuumwa. Alihisi kama ametiwa pilipili kwenye macho yote mawili, akaanza kuyafikicha kwa viganja. Mama mdogo akamshika mikono, akamlaza ubavu kwenye mkeka, akamfungua kope kwa vidole na kumwagia maji ya kisima polepole, jicho moja kisha la pili, kwa muda wa dakika 20 hivi. Jirani mmoja alishauri mkojo, mwingine akakimbilia maziwa. Maziwa yanaweza kusaidia pale ambapo maji hayapo, lakini kisima kilikuwa hatua kumi tu, na maji safi mengi ndiyo dawa ya kwanza. Sumu ikiachwa inaunguza kioo cha jicho, na kufikicha kunaisukuma ndani zaidi. Baada ya hapo wakampakia kwenye bodaboda hadi zahanati, na asubuhi hospitali, akaangaliwa kama jicho limechubuka na kupewa dawa ya kuzuia maambukizi. Siku ya nne alikuwa anasoma gazeti.

Sasa turudi kwa nyoka wengine watatu. Wa kwanza alikuwa mdogo, wa rangi ya kahawia, aliyekutwa Novemba nyuma ya gunia la mahindi jikoni. Waliniletea picha yake akiwa amekwisha kuuawa: mistari miwili myepesi kichwani, mmoja kila upande, ukipita juu ya jicho. Huyo ni nyoka wa nyumbani, hana sumu, na kazi yake ni kula panya. Wa pili alikuwa wa kijani, alionekana mara mbili kwenye mwembe unaoegemea paa. Wa tatu hakuonekana mwenyewe, lilionekana gamba lake tu, limevuliwa kwenye ufa wa ngazi ya barazani. Wa nne ndiye huyo swila.

Kabla sijafika, mama mdogo alikuwa ametumia zaidi ya shilingi 180,000. Aliniorodheshea kwa vidole, tumekaa barazani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Alinunua naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, akavitupa pembeni mwa kuta na chini ya vitanda. Akanunua salfa ya unga, akaimwaga kuzunguka nyumba. Mtu wa gereji akamuuzia madumu mawili ya oili chafu, akachora nayo mstari kutoka chooni hadi karibu na kisima. Akafukiza mvuje kila Alhamisi jioni. Akapanda mchaichai mstari mzima chini ya madirisha, ukashamiri vizuri kweli. Mwishowe akaja mtu wa kuzindika, akazika vitu pembe nne za ua, akachukua 70,000.

Simlaumu hata kidogo. Mtu anayelala na watoto ndani ya nyumba yenye nyoka atajaribu lolote. Lakini lazima niseme nilichomwambia. Nyoka hunusa kwa ulimi. Ile ncha mbili inayochezacheza inakusanya harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa. Harufu anaisikia vizuri. Hilo halina maana kwamba ataikimbia. Naftalini na salfa zimewahi kujaribiwa kwa nyoka na hazikuwazuia kupita. Kibaya zaidi ni kwamba naftalini ni sumu kwa mtoto akiimeza, na katika ukanda wetu huu wa malaria wapo watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambao naftalini inaweza kuwavunjavunja chembe nyekundu za damu. Mjukuu wa mama mdogo, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa anatambaa kwenye sakafu ileile. Tulivikusanya vile vidonge kimoja kimoja kabla ya chai. Ule mstari wa oili nao tuliukwangua kwa koleo pamoja na udongo wake, kwa sababu mvua moja kubwa ingeupeleka kisimani. Na ule mchaichai mzuri, nilipoupasua katikati kwa mkono wenye glovu, chini yake palikuwa pabichi, pana giza, na kiota cha panya.

Siku ya kwanza sikugusa kitu kingine. Nilizunguka nyumba mara tatu: alfajiri, saa sita mchana, na saa mbili usiku na tochi kubwa na mabuti. Watu wengi hukagua ua wao mchana tu, ilhali swila mkubwa hutembea zaidi usiku. Ile zamu ya usiku ndiyo iliyonifungua macho. Nyuma ya nyumba kulikuwa na taa inayowaka hadi asubuhi, waliiweka ili nyoka waogope mwanga. Chini ya taa kulikuwa na bomba la bafuni linalomwaga maji ardhini bila karo, na dimbwi la kudumu lenye ukubwa wa sinia mbili. Taa ilivuta wadudu. Wadudu na dimbwi vilivuta vyura. Nilihesabu vyura 17, wamekaa kwenye duara la mwanga kama wageni wa karamu wanaongoja sinia. Swila anapenda chura sana. Taa ile haikuwa imemfukuza nyoka yeyote. Ilikuwa imemwandalia chakula.

Meza ya pili ilikuwa bandani. Mama mdogo anafuga kuku wa kienyeji wapatao 60. Pumba na mahindi ya kuvunja vilikuwa kwenye viroba vilivyokaa chini, vimetobolewa pembeni, na unga umetengeneza kamstari hadi ukutani. Chakula kinachobaki jioni hakikuwa kinaondolewa. Wapo kuku wawili waliokuwa wakitaga chini ya rundo la matete, na mayai yao yalikuwa yanapotea "kichawi". Banda lenyewe lilizungushiwa wavu wa kuku, ule wenye matundu ya inchi moja. Wavu huo unamzuia kuku asitoke. Nyoka anapita bila hata kupunguza mwendo, na akishameza vifaranga wawili tumbo linavimba, anakwama kutoka, na hapo ndipo mtu anapomkuta asubuhi akiwa na hasira.

Jioni ile nilimwomba mama mdogo majivu ya jikoni. Tukayachekecha kwa chekecheo la unga, nikayatandaza laini, upana wa kiganja, mahali pote nilipopatilia shaka: chini ya milango, mbele ya ufa wa ngazi, kuzunguka banda, na mbele ya bloku. Bloku zilikuwa kama 300, alizofyatua marehemu mume wake kwa ajili ya kuongeza vyumba viwili, zimepangwa nyuma ya banda zaidi ya miaka minne bila kuguswa, nyasi zimezifunika nusu.

Asubuhi ya kwanza majivu yalionyesha nyayo za panya pembe tatu za banda, vidole vidogo kama maua, na mkia umeburuzwa katikati. Penye dimbwi palikuwa na mabaka mapana ya vyura. Asubuhi ya pili hivyohivyo. Asubuhi ya tatu mama mdogo aliniita kabla sijaswali, hakutaka kupaza sauti. Kutoka kwenye bloku hadi ukuta wa banda kulikuwa na mstari mmoja laini, upana wa vidole viwili, umejikunja kunja, umefuta nyayo zote za panya ulizozipitia. Aliutazama muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe anakaa hapa hapa. Na mimi nilikuwa nafikiri anatumwa."

Kubomoa rundo la bloku lenye nyoka ndani si kazi ya kukurupukia, na hapa ndipo watu wengi huumia. Tulingoja saa nne asubuhi. Watoto wote ndani, mlango umefungwa. Mimi na vijana wawili tulivaa mabuti, suruali nzito, glovu za ngozi na miwani ya kukatia vyuma inayofunika macho yote, kwa sababu yule anatema. Tulianzia upande wa nyumba tukielekea nje, ili upande wa mikoroshoni ubaki wazi. Hatukuinua bloku kwa vidole. Tuliivuta kwa ncha ya jembe lenye mpini mrefu, ikaanguka, tukatazama, ndipo tukaiondoa. Safu ya tatu ilikuwa na magamba mawili makavu. Safu ya tano, viota vya panya na kichanga kimoja cha panya kikiwa hai. Karibu na ardhi tulikuta maganda ya mayai matupu, hayakuvunjika vipande kama ya kuku, yamesinyaa kama ngozi. Kumi na moja. Nilijua maana yake na sikumwambia mama mdogo mpaka jioni.

Swila mwenyewe alitoka tukiwa tumebakiza safu mbili. Alikuwa mrefu kama mita moja na robo, mweusi unaong'aa, na shingoni chini ana mkanda wa rangi ya waridi iliyofifia. Alisimama kidogo, tukasimama. Kisha akalala, akapita kwenye nyasi kuelekea kwenye kiwanja cha jirani kisichojengwa, na akapotea.

Vijana walitaka kumfuata na fimbo. Niliwakataza na nitawakataza tena. Anayemfuata nyoka ili amwue anajiweka mwenyewe mahali pa kutemewa au kuumwa. Ila sitaficha kilichofuata: mzee mwenye kile kiwanja alikuja mchana kwa hasira kali. "Mmetoa nyoka kwenu mkanipelekea mimi." Alikuwa na haki ya kuuliza. Mama mdogo akamkaribisha, akampa maji, nikamwonyesha majivu na magamba yale makavu. Nikamwambia nyoka alikuwa akiishi kwetu na kuwinda kote, kwake ikiwemo, na kwamba kama nyasi zake zitabaki zimefika kiunoni atakayemfuata huyu atapata makazi palepale. Siku iliyofuata tulifyeka pamoja ukanda wa mita tano kwenye mpaka, sisi upande wetu na vijana wake upande wake. Kusafisha nyumba moja katikati ya vichaka ni nusu ya kazi, na nusu ya pili inategemea mnavyoelewana na jirani.

Kazi ya ujenzi ilichukua siku mbili na iligharimu 143,000, pungufu ya fedha zilizokwenda kwenye dawa. Bloku tulizipanga upya kwenye vigogo, juu ya ardhi kwa futi moja na nusu, mbali na banda, ili kuku na macho ya watu yapite chini yake. Kuni zikawekwa juu ya kichanja vilevile. Bomba la bafuni likapata karo na shimo la mawe la kunyonya maji, na dimbwi likakauka ndani ya wiki. Taa haikuondolewa, kwa sababu wanahitaji kuona njia ya chooni; tulihamisha swichi ndani, iwashwe mtu anapotoka tu. Banda nililizungushia wavu wa chuma wenye matundu ya robo inchi, kimo cha mita moja kutoka chini, na futi moja nikaizika ardhini. Viota vya kutagia vikapandishwa. Mayai yanaokotwa mara mbili kwa siku. Pumba zikaingia kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko wa kubana.

Nyumbani kwenyewe nilitafuta kila uwazi unaopitisha kidole kidogo. Ufa wa ngazi nikauziba kwa saruji. Mabomba ya hewa ya shimo la choo nikayavisha neti ya chuma. Milango minne ilikuwa na mwanya wa karibu inchi moja chini. Nikapigilia vipande vya mpira wa mkanda wa mashine, vinagusa sakafu mlango ukifungwa. Mlango wa jikoni nilirudia mara mbili, sakafu yake imepinda, na fundi mvivu angeuacha. Nyoka mchanga, yule aliyetoka kwenye moja ya mayai kumi na moja, ana unene wa kalamu na sumu yake inafanya kazi tangu siku ya kwanza.

Jambo la kulala nililisisitiza kuliko saruji. Watoto walikuwa wanalala kwenye mkeka sakafuni kwa sababu ya joto. Swila ana tabia inayojulikana ya kuingia nyumbani usiku akifuata panya, na kuwauma watu waliolala wanapojigeuza. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro kinazuia mbu na kinazuia hilo pia; utafiti uliofanyika kusini-mashariki mwa Nepal na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba waliolala ndani ya chandarua waliumwa kidogo kuliko wasiotumia. Vyandarua mama mdogo alikuwa navyo vitatu, vipya, ndani ya sanduku. Tulitengeneza vitanda viwili vya mbao za mabaki.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuumwa na nyoka kunaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na mwaka 2017 liliingiza janga hili kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Nikisoma takwimu hizo siwaoni watu wanaokwenda porini. Naona mkeka sakafuni, mlango wenye mwanya wa inchi moja, na mama anayekwenda chooni usiku bila viatu. Kwa hiyo nilimwachia tochi mbili na ndara za kufunga, na nikamwandikia ukutani namba ya dereva wa gari, pamoja na maneno machache: akiumwa mtu, msimchanje, msimfunge kamba, msipoteze muda na jiwe la nyoka, mlazeni, kiungo kisitikisike, vueni pete na bangili, hospitali.

Lipo tusilolimaliza. Yule wa kijani wa mwembeni hatukumjua ni yupi. Pwani yetu ina nyoka wa kijani wasio na madhara, na ina pia yule jamaa wa koboko wa rangi ya kijani anayependa miembe na mikorosho, ambaye sumu yake ni ya kuua. Kwa macho ya mtu wa kawaida, akiwa juu ya majani, huwezi kuapa. Nilipendekeza tukate mwembe. Mama mdogo alinitazama tu; mti ule aliupanda mumewe mwaka waliohamia. Tulikata matawi yote yanayokaribia paa, tukaacha nafasi ya mita mbili, na tukaziba mianya kati ya bati na ukuta. Watoto wamekatazwa kuupanda. Huo ni muafaka wa watu wanaopendana, na bado kila nikiukumbuka moyo hautulii.

Aprili, masika ilipopamba moto na mafuriko yakaikumba Rufiji na Kibiti huko kusini mwetu, nilitegemea simu mbaya. Ilikuja moja tu. Nyoka wa kahawia mwenye mistari miwili kichwani ameonekana kwenye kichanja cha kuni. Mama mdogo alimtambua mwenyewe, akamsukuma na ufagio hadi mpakani, akamwacha aende.

Majivu bado anayatandaza, kila Ijumaa jioni. Juzi alinipigia: kuna nyayo za panya chini ya dirisha la jikoni, mpya. Nikamwuliza, "Mama, pumba ziko wapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema mfuniko wa pipa umepasuka tangu wiki iliyopita. Nimempelekea mwingine kwa gari la asubuhi.